Paka wako abaki ndani jamani

Niseme tu moja kwa moja, kama unampenda paka wako mfuge ndani. Najua huku kwetu Dar paka kazoeleka kuzurura, mchana juu ya bati la jirani usiku jalalani, na ukisema wako hatoki watu wanaona unamtesa. Wangu hatoki na kanona, manyoya yanang'aa.

Huko nje kuna bodaboda, lakini mi naogopa zaidi sumu ya panya, maana jirani anatega kwake, panya anatoka analewalewa, paka anamdaka kirahisi anamla na sumu inahamia kwake. Halafu wakipigana na mapaka ya mtaani ndo magonjwa yanaingia. Kichaa cha mbwa kinampata paka vilevile, kwa hiyo chanjo apate hata kama anakaa ndani.

Ila kinachoniuma kabisa ni ndege. Wale chozi wadogo wanaofyonza maua, kiota chao wanakining'iniza kwenye tawi la chini tu, paka anafika. Na usidhani akishiba hatawinda, atawinda, kaumbwa hivyo, na kengele ya shingoni haimsaidii kinda ambaye hata kuruka hajui. Kule Marekani mwaka 2013 watafiti walikadiria paka wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka! Wengi wanauliwa na paka wasio na mwenyewe, sawa, lakini hao nao si wanazaliwa na majike yetu tunayoyaachia bila kuhasi?

Kwa hiyo anza na kuhasi, daktari wa mifugo anafanya, na zile kelele za usiku zinapungua sana. Wavu wa mbu wa plastiki dirishani atauchana, weka wa chuma. Choo ni beseni lenye mchanga au maranda, zoa kila siku, likinuka atakwenda kujisaidia kwenye kochi. Jioni kabla ya msosi mchezeshe na kamba yenye kitambaa mpaka achoke, na dirishani muwekee stuli awe anachungulia nje. Kama keshazoea kutoka anza kwa kumlaza ndani usiku, polepole unaongeza na mchana. Atalia mlangoni, usimfungulie hata mara moja, akishajua kulia kunafungua mlango hataacha tena.

Panya wa ndani muachie yeye, na wewe sumu acha, kama wamezidi tumia mtego wa waya.