Mkanda wa feni unaolia hata baada ya kukazwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mkanda wa feni wa lori lako hulia kila asubuhi unapowasha injini, kwamba umekwisha kuukaza mara mbili, na sasa unataka kujua uongeze kiasi gani. Nakuomba usiuguse tena kwa spana kabla ya kuuvua na kuzitazama puli, yaani magurudumu yenye mifereji ambamo mkanda hupita, kwa sababu njia hiyo niliipita nikaharibu alteneta (mashine ya kufua umeme wa gari) iliyokuwa nzima.

Injini yangu ilikuwa ya dizeli, yenye mikanda miwili ya V, yaani mipana juu na myembamba chini kama herufi hiyo. Kelele zilipozidi niliivuta alteneta kwa mtaimbo hadi mikanda ikakakamaa. Ilinyamaza siku chache, kisha beringi ya mbele ya alteneta ikaanza kunguruma. Nilipofungua ndipo nilipoona kuwa mifereji ya puli imelika na chini yake panang'aa kama kioo. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake mbili, wala haushiki kwa tumbo, na ukishafika chini ya mfereji utateleza hata uukaze vipi, huku nguvu yote unayoiongeza ikibebwa na beringi za alteneta na za pampu ya maji. Puli ya namna hiyo hubadilishwa tu.

Ukiona mifereji ni mizima, pima mkazo wa mkanda wakati injini imezimwa na kupoa, na ufunguo umeutoa. Chagua sehemu ndefu zaidi ya mkanda kati ya puli mbili, laza rula ndefu juu ya puli hizo, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Katika injini nyingi za namna hii mkanda hubonyea milimita 10 hadi 15, ingawa kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha injini yako, kwa kuwa umbali kati ya puli hutofautiana.

Kurekebisha si kazi kubwa: legeza bolti ambayo alteneta huizunguka pamoja na ile ya kufungia, kisha zungusha bolti ya kuvutia, ile inayosogeza alteneta, kidogo kidogo. Kama haipo na unalazimika kutumia mtaimbo, uegemeze kwenye gamba la mbele la alteneta, karibu na mahali alteneta inapofungwa, kwa maana gamba la nyuma ni la alumini nyembamba na hupasuka. Pima tena baada ya kukaza bolti zote, kwani ukazaji wenyewe husogeza alteneta. Mkanda mpya hulegea unapokaa vizuri kwenye puli, kwa hiyo urudie kuupima baada ya saa chache za kazi. Na iwapo ni miwili, ibadilishe yote pamoja, la sivyo ule mpya utabeba mzigo wa mwenzake uliokwisha kunyooka.

Usipake grisi wala sabuni ili kuunyamazisha. Ikiwa kipimo ni sahihi na bado unalia, weka ubao ulionyooka kwenye nyuso za puli: puli iliyosogea nje ya mstari huusugua mkanda upande mmoja, na hapo dawa ni kuirudisha puli mahali pake.