Mwanangu, kuhusu yule mwenye kichwa cha ndege

Mwanangu mpenzi,

Picha ya mchoro ule, "Ulaya Baada ya Mvua", uliyonitumia kutoka Hartford, Marekani, imefika. Nimeikuza kwenye simu hadi macho yakauma. Unauliza yule mwenye kichwa cha ndege na mkuki anamlinda yule mwanamke aliyegeuza mgongo, au amemteka.

Mimi nilikwama kwenye magofu. Umesema mchoraji wake, Max Ernst, aliianza Ufaransa mwaka 1940, Mjerumani aliyewekwa kambini na Wafaransa kwa Ujerumani wake, tena akiwakimbia Wajerumani wenzake, akaimaliza Marekani mwaka 1942. Na kwamba magofu yale hakuanza kwa kuyachora: alikandamiza kioo au karatasi juu ya rangi mbichi, akabandua, ndipo akatazama kimebaki nini. Hapo nikaweka simu chini.

Ukuta wa chumba cha bibi yako. Mvua za El Niño, bati limetoboka, maji yamejichorea atakavyo. Ulikuwa na miaka sita. Ulikaa mkekani ukinionyesha: huyu ngamia, huyu bibi anakwenda kisimani, hageuki nyuma. Na bibi tulikuwa tumemzika juzi tu. Nami, wageni wa arobaini wako njiani, nikachukua chokaa nikapaka. Hukulia. Ulinitazama, ukatoka nje. Ungelia ingekuwa nafuu.

Siku zote nakwambia: jicho kwanza, mdomo baadaye. Siku ile nilitanguliza midomo ya watu. Ingawa ukuta ulinuka uvundo, na wageni ningewalaza wapi? La. Ningesubiri siku moja. Siku moja ingetosha, ukaushibe.

Sasa huyo ndege wako. Baba yako ametazama mara moja tu, kasema ni askari, amemteka, kwisha. Mimi naitazama anga. Chini kote kumeoza, juu buluu safi, na buluu ile haikujitokeza yenyewe kwenye kioo, aliipaka kwa mkono wake. Kwa nini mtu aliyekimbizwa hivyo apake buluu? Jibu ninalo, linaniwasha mdomoni. Lakini nikilisema utaliona langu, nitakuwa nimekupakia chokaa tena.

Rudi ukasimame mbele yake. Ina upana wa karibu mita moja na nusu, simu haiwezi kuibeba. Mtazame mwanamke: anasubiri, au anaondoka? Yule wako wa ukutani alikuwa anaondoka. Jicho kwanza, mwanangu, halafu unipigie.

Mama yako