Miche ya okidi inapauka chupani

SWALI: Miche yangu ya okidi iliyo chupani imerefuka na kupauka, na ncha za mizizi zimekuwa za kahawia. Nimetumia virutubisho vya Murashige na Skoog (mchanganyiko wa chumvi na vitamini wa kukuzia mimea chupani) kwa kipimo kamili.

JIBU: Chumvi zimezidi. Kipimo kamili kina amonia nitrati miligramu 1,650 kwa lita, nyingi mno kwa okidi nyingi. Punguza virutubisho vyote hadi nusu, weka kwa kila lita sukari gramu 20, agari (unga wa mwani unaogandisha maji) gramu 7, na mkaa ulioamilishwa gramu 1 ili unyonye ule ukahawia unaotoka mizizini. Rekebisha pH (kipimo cha asidi) iwe 5.7 kabla ya kuchemsha, la sivyo agari haitaganda vizuri.

Kurefuka huko ni njaa ya mwanga: washa taa nyeupe saa 16 kwa siku, ukiziongeza nguvu taratibu.