Jibu: kutuma video ya GB 9 kutoka Bukavu

Yaya, hiyo video ya harusi ya GB 9 unayotaka marafiki wa Lubumbashi waipate, imeili sahau: Gmail inaishia MB 25. Ikate kwa 7-Zip (programu ya kukata na kuunganisha faili), vipande vya MB 500, uvipandishe Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, usiku. Mimi hapa Goma nilipandisha faili zima, umeme ukakatika kwenye asilimia 94. Nikaanza upya, na mega zimekwisha! Kwa vipande unarudia kimoja tu. Wao wavishushe vyote kwenye folda moja, kisha wafungue kwa 7-Zip kile cha kwanza, chenye jina linaloishia .001. Kuzipu (kuikandamiza) hakutaipunguza, video huwa imeshakandamizwa. Sisi wa Goma ututumie flashi kwa boti, ndiyo rahisi. Flashi yenye FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi faili) hukataa faili linalozidi GB 4, ila vipande vitaingia.