Ngome ya Amu: maswali yenu ya wiki hii

Tangu nilipoitaja ngome yetu ya Amu (yaani Lamu), pale uwanja wa Mkunguni, maswali hayajakatika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Kama ngome ilikuwa ya kulinda bandari, mbona iko mbali na maji? (Msomaji, Malindi)

Si ngome iliyosogea, ndugu yangu, ni bahari iliyosukumwa. Leo kutoka mlangoni hadi ufukweni ni kama mita 70, lakini wakati inajengwa ilikuwa ukingoni kabisa. Usita wa Mui, njia hii tunayobanana na punda kila asubuhi, unafuata ukingo wa zamani. Sehemu ya mbele ilijazwa vifusi baadaye, majumba yakaota juu yake. Panda darini kwa ngome utaelewa: mkondo wote wa bahari kati yetu na kisiwa cha Manda uko chini ya macho yako.

Waliijenga Wareno, sivyo?

Sivyo. Wareno walijenga Fort Jesus ya Mombasa, kuanzia 1593, wakaufanya mji ule makao yao badala ya Malindi. Ya kwetu ilikamilika 1821, Wareno wakiwa wameshaondoka zamani.

Chanzo chake ni Vita vya Shela. Mwaka ni 1812 au 1813, wanahistoria bado wanavutana. Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, wakishirikiana na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walishuka Shela, kijiji cha jirani kisiwani humu, kuja kuivamia Amu. Waamu wakawashinda, wavamizi wakarudi mbio vyomboni, kumbe maji yamekupwa na majahazi yamekaa mchangani. Anayeijua Shela maji yakitoka hahitaji kuelezwa yaliyofuata.

Ushindi ule haukuwapa Waamu usingizi. Mazrui angeweza kurudi, na safari hii akapiga hesabu ya maji vizuri. Basi wakamwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde, naye akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari. Ngome ikamalizwa kwa msaada wake. Mimi huona hapo ndipo penye utamu wa kisa: mlinzi aliyealikwa hakuondoka. Kuanzia hapo Amu ilikuwa chini ya Oman, kisha Zanzibar, na ile ngome ya kutazama bahari ikawa inautazama mji pia. Mombasa nayo ilitwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837.

Marehemu bibi yangu hakuiita ngome, aliiita gereza. Alikosea? (Mjukuu wa Langoni)

Bibi alikuwa sahihi mara mbili, Mungu amrehemu. Kwanza, Waingereza waliifanya jela mwaka 1910, na wafungwa hawakutoka hadi 1984. Kwa mtu wa umri wake, jengo lile lilikuwa la kupitwa upesi, si la kupigia picha.

Pili, neno lenyewe. Asili ya "gereza" ni Kireno, *igreja*, yaani kanisa. Ndani ya Fort Jesus mlikuwa na kanisa, na neno likahama kutoka kanisani hadi kwa ngome nzima, kisha likaishia kwenye pingu na kufuli. Hiyo Fort Jesus pia ilikuwa jela, hadi 1958.

Kuta zile ni za saruji?

Hapana, mwanangu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Mahali lipu ilipobanduka, sogeza uso karibu: utaona vitundu vidogo vidogo kama vya sega la nyuki. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba. Fundi alipima chumba kwa mti, si kwa matakwa ya mwenye nyumba.

Siku hizi kuna nini ndani?

Wafungwa walipoondolewa, ngome ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikakarabatiwa. Ndani kuna maonyesho na maktaba, na ua wa katikati hutumika kwa hafla za mji. Nenda asubuhi, kabla jua halijashika dari. Ukitoka, kaa kidogo kwenye baraza la nje. Wazee wa pale wakikuona umetazama kwa makini, watakupa sehemu ya kisa ambayo mimi sina nafasi ya kuiandika.