Kabla mwanafunzi hajazunguka mti, mwonyeshe upepo kwanza

Walimu wenzangu wa urubani, hasa nyinyi mnaoanza kufundisha hapa uwanja wa ndege wa Wilson, kwenye yale mazoezi ya kuzunguka mti kwa duara la umbali ule ule huku upepo unavuma, hii tabia ya kumwambia mwanafunzi "hapa laza ndege digrii 45, pale laza 30" tuiache jamani. Atazikariri, kesho upepo ugeuke na namba zake zote zimekufa, utamkuta anachora yai badala ya duara na hajui kwa nini.

Mimi siku ya kwanza sizungushi kitu. Tunatafuta barabara iliyonyooka huko nyanda za Kajiado inayofuatana na upepo, tunachagua alama mbili, tuseme njia panda na dam, anapita hapo upepo ukiwa mgongoni huku anahesabu sekunde, halafu anageuza anarudi upepo ukimpiga usoni, kasi kwenye geji (inayopima kasi ndani ya hewa, sio juu ya ardhi) ni ile ile. Nanyamaza tu. Safari ya kurudi ikichukua muda mrefu hivyo ataanza kuuliza mwenyewe, na hapo ndio darasa linaanza.

Sasa mpe hesabu. Geji inasoma noti 80 (maili za baharini kwa saa), lakini mko kama futi 6,500 juu ya bahari, hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo kasi yenu halisi ni kama 90 (hii wengi husahau kwa sababu vitabu vingi ni kama vimeandikwa na mtu anayeishi ufukweni). Weka upepo wa noti 15: ukiwa mgongoni ardhi inapita kwa 105, ukiwa usoni 75. Na kwenye kona kasi hiyo ya ardhini inahesabiwa mara yenyewe, kwa hiyo duara la mita 300 hivi kutoka kwenye mti linataka karibu digrii 45 pale upepo uko mgongoni na kama 27 tu pale uko usoni. Ndio maana tunaingia na upepo mgongoni, ule mlazo mkali kuliko yote unaumaliza mwanzo, na ukiona hata 45 haitoshi basi uko karibu sana na mti, sogea.

Kuna wale wanaokaza macho ncha ya bawa isitoke kwenye mti. Mkataze mapema. Upepo ukikusukuma mbali na mti pua lazima ipinde kuelekea mti kidogo, mti unaonekana mbele ya bawa, na upande wa pili ni kinyume chake, unabaki nyuma. Macho yawe kwenye umbali, sio kwenye bawa.

Kitu kinachonitisha mimi ni mkono wa throto (wenzo wa nguvu ya injini). Mko futi 800 juu ya ardhi, upepo mgongoni, vichaka vinakimbia chini, mwili wa mwanafunzi unamwambia tunaenda mbio sana na utaona mkono unaanza kurudisha throto taratibu au pua inapanda, wakati ndege imelazwa digrii 45 na kwa mlazo huo kasi ya kustoli (ile ambayo chini yake bawa haliwezi tena kubeba ndege) imeshapanda kama asilimia 19. Mwulize tu, "geji inasema ngapi?" Usimshike mkono, mwache asome mwenyewe, ila wako uwe karibu.

Maana mti ule ni mazoezi tu, mchezo wenyewe uko kwenye kutua. Upepo ukimsukuma mgongoni akiwa besi (kile kipande cha kukatiza kabla ya kona ya mwisho kuingia ranwei), kona ya mwisho inampita, anaona ranwei inamkimbia, anakanyaga pedali ya ndani huku anavuta usukani, na kwa urefu ule ndege ikistoli na kuanza kuzunguka hakuna nafasi ya kuiokoa. Aliyezoea kulaza mapema kwa sababu ameiona ardhi inavyokimbia hafiki huko, na ikimpita bado anajua cha kufanya ni kuacha kutua, kupaa tena na kuzunguka upya.

Kona za S (nusu duara huku na nusu duara kule ya mstari ulio ardhini) sina mengi, tafuta mstari unaokatwa na upepo. Reli ya SGR ukishapita Athi River inashuka kusini-mashariki, upepo wa kaskazini-mashariki unaikata vizuri sana.

Halafu msiende alfajiri upepo umelala, hakuna atakachojifunza, na saa saba mchana jua litawarusharusha mpaka atapike. Saa tatu, saa nne asubuhi ni sawa. Upepo msomee kwenye moshi, vumbi la bodaboda na viwimbi vya dam, na mzunguke mti wenye uwanja wa kutua dharura jirani, sio boma la mtu, ng'ombe wakitawanyika mzee akasirike ana haki yake.