Vituo vya juu vinakatika maji asubuhi: tuchange tena tununue bomba kubwa?

SWALI: Mhandisi, kijiji chetu kilichanga fedha na kuchimba mtaro kwa nguvu zetu, tukapata maji ya mserereko (yanayoteremka yenyewe bila pampu) kutoka chemchemi. Chanzo kinajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40. Tenki ni la lita 10,000, vituo vya kuchotea ni 6, watu kama 1,500. Kila asubuhi karibu saa 2, vituo viwili vya juu vinakatika, vya chini vinaendelea. Kamati inataka mchango mpya wa bomba kubwa. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, msinunue kwanza. Bomba kubwa litamaliza tenki mapema zaidi, na vituo vya juu vitakatika kabla hata ya saa 2.

Hongera kwa kupima chanzo. Kamati nyingi huletewa bei ya bomba kabla ya kushika ndoo. Lita 20 kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Mkihesabu lita 20 kwa kila mtu, mnahitaji 30,000. Maji yapo, ila yanakuja wakati watu wamelala.

Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri chanzo kinatoa lita 16,200. Tenki likipokea 10,000, zinazobaki zinamwagika kwenye bomba la kufurikia. Alfajiri vituo vyote 6 vinafunguliwa. Kila kimoja kikitoa robo lita kwa sekunde, mnachota lita moja na nusu huku inaingia nusu tu. Tenki linapungua lita moja kila sekunde, na kufika saa 2 kasorobo limekauka. Hapo bomba linabaki na nusu lita ile ya chanzo, na vituo vya chini vinaimaliza kwa kuwa vina presha kubwa.

Kabla ya kuniamini, nendeni usiku mkaangalie kama bomba la kufurikia linamwaga. Kama halimwagi, huenda kuna mvujo. Siku nyingine tenki likijaa, fungeni maji yanayoingia, fungeni koki zote, wekeni alama ya kina cha maji na mrudi alfajiri. Kina kikishuka, tembeeni na mtaro mkitafuta ardhi mbichi.

Mvujo usipokuwepo, fedha ziende kwenye tenki la pili la lita 10,000. Maji yote ya usiku yatahifadhiwa na yatawafikisha kama saa 3 na nusu asubuhi kwa uchotaji uleule. Foleni nyingi huwa zimekwisha muda huo.

Vituo vya chini navyo vibanwe. Msitumie geti valvu (koki ya kuzungusha inayofungia bomba) iliyofunguliwa nusu: inalika haraka, na mwenye ndoo nyingi ataizungusha. Fundi aweke ndani ya yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguka) kisahani chenye tundu dogo, alipanue kidogo kidogo mpaka ndoo ijae kwa muda unaolingana na wa vituo vya juu. Kazi hii ifanyike mchana, watu wa juu na wa chini wakiwepo na saa mkononi, na sekunde za kila kituo ziandikwe kwenye daftari la kamati. Mtu wa chini hakubali kupunguziwa maji kwa maneno matupu. (Je, kuna mjumbe wa kamati anayechota kule juu? Kama hakuna, mngeanzia hapo.)

Bomba lililokauka huvuta hewa, na penye ufa huvuta hata maji machafu ya mtaroni. Kituo kikianza kukohoa, mwageni ya kwanza hadi yatulie, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Penye mwinuko njiani pawekwe vali ya kutoa hewa.

Rudieni kipimo cha ndoo mwisho wa kiangazi. Ikizidi sekunde 57, chanzo hakifikishi tena lita 30,000 kwa siku. Hapo tenki halitoshi, mtahitaji chanzo cha nyongeza.